Nyumba Isiyotemewa Mate

Dharau aliyokuwa nayo Maher ingewatosha watu wote wa Madungu, na ikabaki nyingine ya kutiwa botini ikapelekwa Unguja. Aliwadharau madaktari kwa mwandiko wao, wauguzi kwa makelele yao, wagonjwa kwa kuchelewa kuja hospitali, na jamaa za wagonjwa kwa kuja wengi. Akitokea mzee wa Chokocho na chupa ya kombe kwapani, yale maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani, Maher humtazama kuanzia kofia hadi ndara, kisha humuuliza, "Na hiyo zafarani ina miligramu ngapi, mzee wangu?" Mzee wa watu hana jibu. Maher naye hana haja ya jibu. Haja yake ni watu wasikie swali.

Alikuwa mtu wa maabara. Si daktari, ingawa ukimwita daktari hakusahihishi. Hospitali aliyofanyia kazi ilikuwa na mashine moja tu ya kupima gesi za damu, na yeye ndiye aliyepelekwa Dar es Salaam kujifunza kuitumia. Alikwenda mtu akarudi sultani. Alirudi na cheti akakitia fremu, akarudi na koti jeupe lililotariziwa jina lake kifuani, na tabia ya kusema "sisi wataalamu" hata pale alipokuwa peke yake chumbani. Mashine hakumwachia mtu kuigusa. Aliifunika kwa kitambaa cha maua kama watu wanavyofunika televisheni ya harusi, na mtu akikohoa karibu nayo alimtoa nje. Wauguzi wakamwita Maalim. Wao walikuwa wanamkebehi, yeye alilipokea jina kwa mikono miwili.

Haki yake apewe, somo lenyewe alilijua. Wanafunzi wa uuguzi wakiletwa kwake huwapanga mstari, akafunua kile kitambaa cha maua taratibu, akaanza.

"Damu ni kama mchuzi. Ndimu ikizidi hauliki, magadi yakizidi hauliki. Mungu kaiweka damu pahala pembamba sana: pH saba nukta tatu tano mpaka saba nukta nne tano. Ikishuka chini ya hapo ina tindikali nyingi, ikipanda juu ya hapo ina alkali nyingi. Ikenda mbali, kushoto au kulia, mtu anakufa, awe waziri awe mchuuzi wa pweza."

Hapo hunyamaza ili wanafunzi wacheke. Wakichelewa kucheka huwasubiri.

"Walinzi wake wawili. Mapafu yanatoa kaboni dayoksaidi, na hewa hiyo ikibaki mwilini inazidisha tindikali. Figo zinashika baikaboneti, nayo ni alkali. Karatasi ikitoka kwenye mashine, kwanza tazama pH imeelekea wapi. Halafu uliza, kati ya wawili hawa, nani anavuta upande ule ule? Huyo ndiye mkosaji. Mwengine anajaribu kuokoa jahazi tu. Na mkishamjua mkosaji msijione mmemaliza. Ulizeni mgonjwa kala nini, kanywa nini, kameza nini. Nyinyi hamuulizi! Mnaona haya! Mnamwona bibi kizee kajifunika ushungi mnamwachia afe na siri yake."

Wanafunzi walitoka pale wameelewa na wamechukia, mambo mawili kwa pamoja.

Kwao Maher walikuwa watu wa mashamba ya mikarafuu zamani, ukoo uliotoka Omani, na mashamba yenyewe yalikwisha kabla hajazaliwa. Kilichobaki ni majina marefu, sinia moja la shaba, na nyumba ya mawe huko Wingwi iliyokuwa ikimwagika chokaa kidogo kidogo. Humo alikaa mama yake, Bi Zulekha, pamoja na dada mkubwa wa Maher, Yumna, aliyefuga mbuzi na kulima muhogo na asione kuwa amepungukiwa na lolote. Maher alikuwa haendi Wingwi ila sikukuu. Njia mbovu, alisema, inamharibia gari. Gari lenyewe alilinunua likiwa limeshaharibika.

Basi Maher akajenga Madungu. Aliijenga nyumba ile miaka, akipaka rangi kabla ya kutia madirisha, na ilipokwisha ilikuwa nyeupe tupu: kuta nyeupe, marumaru nyeupe, mapazia meupe, hata maua ya plastiki yalikuwa meupe. Ukiingia unaona kama umeingia ndani ya yai. Na nyumba kama hiyo bila ya mama ndani watu wangesema. Kwa hiyo akamfuata mama yake Wingwi, akamchukua.

Yumna alimwambia, "Mama kazoea kuno, Maher. Ana watu wake, ana uwanja wake. Huko kwako atakaa na nani?"

"Atakaa na mimi," alijibu Maher. "Au mimi si mtoto?"

Bi Zulekha alikwenda. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mpole, aliyeishi maisha yake yote akiwapisha wengine mlangoni. Kitu kimoja tu alikuwa hakipishi mtu: tambuu. Alianza kutafuna tangu siku za harusi yake, na meno yalipomwisha akawa anatwangiwa. Popoo, katu, jani la tambuu, na chokaa ya kutosha, kwani yeye aliipenda kali, vyote vikapondwa katika kinu kidogo cha shaba mpaka vikawa laini, akatiwa kinywani. Hutafuna kwa ufizi akashiba utamu wake, kisha akatema mate mekundu katika kopo lake. Hivyo ndivyo wanavyofanya watu wa umri wake, na Wingwi hakuna aliyeliona ni jambo.

Maher alikuwa akiwacheka watu wa tambuu hadharani. Alisema vinywa vyao ni machinjio. Lakini nyumbani, mlango ukishafungwa, alikaa chini mbele ya mama yake akatwanga mwenyewe, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada ya kazi, akamwekea na akiba ya mchana ndani ya kijaluba. Pengine hilo ndilo jambo zuri pekee alilokuwa akilifanya bila ya kutaka kuonekana. Alimpenda mama yake, mjinga yule. Alimpenda kweli.

Wiki ya kwanza Bi Zulekha akatema vibaya, tone likaruka kopo likaangukia ukutani. Tone moja, dogo kama punje ya mtama. Maher aliporudi kazini akaliona kabla hajavua viatu. Akalisugua kwa sabuni, akalisugua kwa dawa ya kufulia, likabaki alama ya waridi. Ungemwona siku ile ungedhani mtu kamwagiwa damu ya ndugu yake.

"Mama, tambuu sikukatazi," alisema. "Lakini nyumba hii haitemewi mate. Hapa hapa wanakuja watu wa heshima."

Watu wa heshima wenyewe hawajaja mpaka leo.

"Haya, mwanangu," alisema Bi Zulekha. Maher akalichukua lile kopo akalitupa, na kuanzia siku ile hakuona tena tone wala alama nyengine. Hakujiuliza yale mate yamekwenda wapi. Mtu aliyekuwa akiwafokea wanafunzi kwa kutouliza wagonjwa wamemeza nini, alitwanga chokaa mara mbili kwa siku, akampa mama yake, akaona kuta zake safi, akaridhika. Aliona mama kastaarabika.

Haukupita muda Bi Zulekha akaanza kulalamika kiungulia. Maher akamletea vidonge vyeupe vya kutafuna, vile vya kalsiamu, akamwambia avitafune wakati wowote kifua kikimwaka. Kisha akakumbuka kwamba wazee mifupa yao huwa dhaifu, akamwekea maziwa glasi mbili kwa siku na akasimama juu yake mpaka glasi ziishe. Chokaa inamezwa, vidonge vya kalsiamu juu yake, maziwa juu yake. Angekuwa ni mtu mwengine anayefanya hivyo, Maher angemsimulia mwaka mzima.

Bi Zulekha akawa na kiu isiyokwisha. Usiku akawa anaamka kwenda haja ndogo kila mara, na haja kubwa ikamfunga. Akakonda. Akawa anasinzia mchana na kijaluba mapajani. Yumna alipokuja kumtazama alishtuka.

"Maher, mbona mama kakonda vino? Na mbona kaniita mie kwa jina la marehemu khalati, dada yake?"

"Uzee, dada."

"Wingwi hakuwa na uzee huo."

"Wingwi hakuna wa kuutambua," alijibu Maher, na akaenda kunyoosha pazia.

Jirani mmoja akasema labda bibi kapatwa na shetani, na Maher akampa hotuba mlangoni mpaka jirani akasahau alichokuja kuazima. Asubuhi moja akaingia na kinu chake kama kawaida, akamkuta mama yake katapika, macho yamemlegea, akimwita hamwitiki. Hotuba zote zikamkauka. Alimbeba mwenyewe mpaka garini akiwa miguu mitupu.

Daktari wa zamu alikuwa Samiha, binti wa Unguja aliyekuwa hajamaliza hata mwaka kazini, na ambaye Maher alikuwa keshamdharau mara tatu mbele ya watu. Samiha hakuweka kinyongo, au kama aliweka hakukionyesha. Alimpima bibi, akaona kaishiwa maji, moyo unakwenda ovyo, na anapumua polepole mno, kwa pumzi fupi fupi kama mtu aliyekatazwa. Vipimo vya kwanza vikarudi kuonyesha figo zimelemewa.

Maher hakungojea. "Figo zikishindwa, tindikali inajaa," alisema. "Hata mwanafunzi anajua. Mtundikie soda mama yangu, upesi."

Soda aliyoitaka ni chupa ya baikaboneti, alkali ya kuingizwa mshipani kuizima tindikali. Na kwa kuwa Maalim ndiye aliyesema, na Maalim ndiye mwenye mashine, muuguzi akaileta chupa akaitundika, akabaki na mpira wa dripu mkononi.

"Tupime gesi kwanza," alisema Samiha.

"Unanifundisha mimi gesi?"

"Sikufundishi, Maalim. Nataka nione namba kabla sijamtia mgonjwa wangu dawa."

Akachoma mwenyewe kwenye mshipa wa ateri mkononi mwa bibi, damu nyekundu ikapanda ndani ya bomba la sindano, na Maher akaikimbiza maabara. Akatupa kile kitambaa cha maua sakafuni. Mashine ikanguruma, karatasi ikatoka.

pH ilikuwa saba nukta tano tatu. Baikaboneti arubaini na nne, karibu mara mbili ya inavyotakiwa. Kaboni dayoksaidi nayo imepanda, hamsini na nne.

Maher alisoma, akasema mashine imekosea.

Mashine ile ile! Aliyowafukuzia watu kwa kukohoa! Akasema hapana, si mashine, ni sampuli, yule mtoto wa Unguja kaachia povu la hewa ndani. Akarudi wodini akamwambia hivyo Samiha mbele ya wagonjwa wote, na Samiha akavuta damu nyengine, akaigeuza sindano mbele ya macho yake ili aone hakuna povu, akamkabidhi. Namba zikatoka zile zile. Safari hii Maher alitazama na mstari wa chini, ambao kwa haraka aliuruka mwanzo. Kalsiamu ilikuwa juu kuliko yoyote aliyowahi kuiona ikitoka kwenye mashine hiyo.

Alisimama na karatasi mkononi. Somo lake mwenyewe likaanza kumsomea. pH imepanda, upande wa alkali. Nani anavuta upande huo? Baikaboneti. Na kaboni dayoksaidi kwa nini imepanda? Kwa sababu mapafu yanajizuia, yanabakisha tindikali kidogo ili kuokoa. Zile pumzi fupi za mama yake hazikuwa uchovu. Kifua cha yule bibi kilikuwa kinapigana peke yake na kitu ambacho mtu anamtia kila siku, na sasa juu ya kichwa chake imetundikwa chupa ya kitu hicho hicho, kwa amri ya mtoto wake.

Alirudi wodini akitembea kama mtu aliyevaa viatu vya mwengine. Samiha akaisoma karatasi.

"Hii si tindikali," alisema. "Ni alkali, na nyingi. Na kalsiamu nayo hivi. Kutapika mara moja hakuwezi kuleta haya. Maalim, bibi anakula nini?"

"Chakula safi."

"Dawa?"

"Hakuna. Vya kiungulia tu. Na maziwa."

"Vya kiungulia vingi kiasi hicho?"

Maher akatazama huku na huku. Wodi ilikuwa imejaa: jamaa waliokaa vitandani, wanawake na vikapu vya chakula, muuguzi na mpira wake, wote masikio wazi. Walimjua. Hakuna hata mmoja ambaye yeye au wa kwao hakuwahi kupitiwa na ulimi wake. Na Maher, mama yake akiwa anavuta pumzi moja pale ambapo watu wengine huvuta tatu, alikuwa anapima aibu. Aliona ataje vidonge na maziwa tu, labda vitatosha. Aliona amvute Samiha nje, amwambie kwa siri. Mtu wa hovyo kiasi hicho! Muuguzi akauliza kama aifungue ile soda au vipi, kwani mkono umemchoka.

"Usifungue!" alipiga kelele Maher. Kisha sauti ikamshuka. "Ni tambuu. Anameza tambuu."

"Anameza?" aliuliza Samiha. "Watu hutema."

"Nilimkataza kutema."

"Kwa nini?"

"Kuta," alisema Maher. "Nilipaka kuta nyeupe."

Hakuna aliyecheka. Angependa wangecheka. Mwanamke mmoja kitanda cha pili akasema, "Subhanallah," polepole, si kwa kumsuta, na hilo lilimuuma kuliko matusi.

Samiha hakupoteza muda wa kumhukumu. Soda ikateremshwa. Yakaja maji ya chumvi, chupa moja baada ya nyengine, ili figo zipate maji zitoe ile kalsiamu na kumwaga ile alkali. Chokaa, yenye alkali na kalsiamu ndani yake, pamoja na vidonge na maziwa, vikapigwa marufuku. Damu ikapimwa tena na tena, na kila mara Maher alikwenda kuipima mwenyewe akarudi na karatasi akampa Samiha bila ya kuongeza neno, jambo ambalo wauguzi walilihadithiana kama ajabu. pH ikaanza kushuka, kidogo kidogo. Pumzi za bibi zikarefuka. Yumna akaja kutoka Wingwi akakaa upande wa pili wa kitanda, na alipoambiwa kilichotokea alimgeukia ndugu yake. Alikuwa na mengi ya kumwambia. Akaona hayafai kusemwa mbele ya mgonjwa.

Siku Bi Zulekha alipofungua macho vizuri, Yumna alikuwa ametoka kwenda kusali adhuhuri. Maher alikuwa peke yake pale. Bibi akatazama dari, akatazama dripu, akamtazama mtoto wake.

"Maher."

"Labeka, mama."

"Nna kiu."

Akampa maji kwa kijiko. Akataka kumwomba radhi, likamtoka swali.

"Mama, kwa nini hukunambia unameza? Chokaa ilikuwa inakuunguza, na ukakaa kimya."

"Ulinambia nsiteme," alisema Bi Zulekha. Hakulaumu. Alisema kama mtu anayeulizwa jina la kijiji chake. "Nyumba yako, mwanangu. Nkateme wapi?"

Hapo akashikwa na kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha mtu aliyelala siku nyingi, kizito, kikamjaza kinywa makohozi. Akafumba midomo, mashavu yakavimba, macho yakazunguka kutafuta. Maher akaliona karai chini ya kitanda, akaliinua, akampelekea.

"Tema, mama."

Bibi akatikisa kichwa.

"Tema, hapa si kwangu. Tema." Akaliweka karai chini, akakunja viganja vyake viwili pamoja akaviweka chini ya kidevu cha mama yake, kama mtu anayepokea maji ya kunywa. "Basi tema humu. Mikononi mwangu. Nakuomba."

Bi Zulekha aliitazama ile mikono. Aliitazama na mikono ya koti, nyeupe, na jina lililotariziwa kifuani. Kisha akafumba macho, akameza.

Yumna akarudi kutoka kusali, akaona mama yake anakohoa tena. Alikaa kitandani, akakunja pembe ya kanga yake akaiweka chini ya kidevu cha Bi Zulekha, na Bi Zulekha akatema hapo hapo, akatema tena, akajifuta, akamlalia begani. Maher alibaki amesimama na viganja vyake wazi.